Kandambili Iliyoangalia Juu

Naanza kwa kusema kwamba mimi sikuitaka ile mashine nyumbani kwangu. Tuelewane hapo kwanza. Nyumba yetu ya mtaa wa Dunda, huku pwani, ina ukumbi mmoja mwembamba, wa kupita kutoka mlango wa mbele hadi uani, na ni katika ukumbi huo huo mwanangu alipoamua kuijenga, sakafuni, katikati ya njia, kwa wiki tatu nzima.

Ulikuwa mradi wa shule. Alikuwa kidato cha pili, na mwalimu wao wa Fizikia, kijana wa bara aliyehamia pwani mwaka huo huo, aliagiza kila mwanafunzi atengeneze mashine ya mfululizo: kitu kimoja kiangushe cha pili, cha pili kisukume cha tatu, mpaka cha mwisho kigonge kengele. Hatua zisipungue saba, na mashine ikishaanza mwanafunzi asiguse kitu. Kwa nini mtu mwenye akili timamu atafute hatua saba za kugonga kengele moja, sijaelewa hadi leo. Mimi mwenyewe ni mwalimu, nafundisha Kiswahili shule ya msingi, na sisi tukitaka kengele ilie tunaigonga.

Lakini mradi ule haukuwa mchezo. Mwanangu alikuwa amefanya vibaya mtihani wa Fizikia, na mwalimu aliniita akanieleza, kwa adabu zake zote, kwamba kidato cha tatu hatamchukua kila mtu. Wenye alama kama zake wangeachwa, isipokuwa mradi ufanye kazi mbele ya wazazi siku ya maonyesho. Nilirudi nyumbani nikamwambia asijisumbue. Historia anafaulu, Kiswahili anafaulu, mimi nilisoma hayo hayo na sijalala njaa. Mwanangu si mtu wa kubembeleza, hata alipokuwa mdogo alikuwa akitaka kitu anakikodolea macho tu. Siku ile alinishika mkono.

"Mama, usiniondoe Fizikia. Niache nijaribu."

Nikamwacha, na hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Basi akaanza kukusanya. Dhumna za baba yake zilichukuliwa zote, na wazee wa barazani wakakaa siku kadhaa wakitazamana. Mwiko wangu wa pilau ukawa mzani. Kifuu cha nazi kilijazwa mchanga kikaning'inizwa kwa uzi kwenye kitasa cha mlango wa chumba changu, kwa hiyo nikitaka kuingia chumbani kwangu mwenyewe ilibidi niombe ruhusa. Mwisho kabisa ilikaa kengele ya baiskeli. Gololi ilianzia juu kwenye kipande cha bomba, ikateremka, ikapita juu ya kandambili kuukuu ya baba yake, ikaenda kuangusha dhumna ya kwanza.

Hapo kwenye kandambili ndipo ulipolala ugomvi wetu wote. Aliiweka imepinduka, soli juu.

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa habari hii. Kiatu kilichopinduka hakiachwi kikauangalia uso wa mbingu. Hakuna aliyetufundisha, tumekua tunaona wakubwa wanapita, mguu unakwenda, kiatu kinageuzwa, na mazungumzo hayakatiki. Ni kama kujifunika mdomo ukipiga miayo.

"Kwani lazima iwe soli juu?" nilimuuliza.

"Gololi ikipita kwenye ubao inakwenda mbio mno, inaruka dhumna. Kwenye soli inapunguza mwendo. Msuguano, mama."

"Tumia mkeka."

"Nimejaribu. Inakwama."

"Tumia kawa la kufunikia chakula."

"Inapinda kushoto."

Alikuwa amejaribu kila kitu chenye mikwaruzo humo ndani, hata mbuzi yangu ya kukunia nazi, bila kuniomba. Mifereji ya soli ile, iliyolika upande wa kisigino kwa mwendo wa baba yake, ndiyo peke yake iliyoipeleka gololi inapotakiwa. Upande wa pili kuna mkanda, na gololi ikifika kwenye mkanda inasimama kimya.

Siku ya kwanza ya kuijaribu alituita sote. Akaiachia gololi, ikateremka vizuri kwenye bomba, ikafika kwenye kandambili, ikasimama. Ilikuwa imegeuzwa. Tukamtazama mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye na ambaye ndio kwanza alikuwa ametoka kutia udhu.

"Mnanitazama nini?" akasema. "Kandambili inamwangalia Mwenyezi Mungu, nyinyi mmekaa mnaifurahia?"

"Ni mashine, mama," nikamwambia.

"Mashine ya laana hiyo. Nitaigeuza tena."

Na kweli aliigeuza tena. Aliigeuza alfajiri, aliigeuza adhuhuri akienda uani, aliigeuza hata siku aliyoapa kwamba hatapita ukumbini. Mume wangu, dereva wa lori ambaye hakai nyumbani siku tatu mfululizo, naye alikuwa akiingia kutoka Msata na vumbi lake, hata salamu hajatoa, kidole cha mguu kimeshaigeuza. Nilimgombeza mpaka sauti ikanikauka. Akacheka, akasema nyani haoni kundule. Nilidhani anamsema mama yake, nikashangaa alivyokosa adabu.

Nilichukua karatasi nikaandika kwa herufi kubwa, kwa mwandiko wangu wa ubaoni: USIGUSE KANDAMBILI. Nikaibandika ukutani. Jirani yetu alikuja kuomba ndimu, akasimama akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, akacheka, akaigeuza kandambili, akachukua ndimu akaenda zake. Nilishika tama. Unaishi na watu wazima, wana akili zao, wamesoma tangazo, na bado!

Kilichoniudhi kuliko vyote ni utulivu wa mwanangu. Wiki ya kwanza alikuwa akilalamika pamoja nami. Wiki ya pili akanyamaza. Alivuta kigoda akakaa pembeni ya ukumbi na daftari, anaandika, anaangalia watu wanavyopita, anaandika. Mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele kwa niaba yake! Nikasema moyoni, mtoto ameshakata tamaa, anasubiri siku ifike aibu imalizike. Nikamweleza tena habari za Historia.

"Bado, mama," akasema, macho kwenye daftari.

Alasiri moja bibi yake alikuwa hitimani na baba yake yuko safarini. Tulikuwa sisi wawili tu. Nilitoka uani na sinia la mchele, nikapita ukumbini, nikauweka mbele kwenye mwanga, nikarudi kuchukua ungo. Kandambili imegeuka.

"Nani kaingia?"

"Hajaingia mtu."

"Basi ni paka."

Mwanangu akaandika kitu. Nikatoka na ufagio nikamtafuta paka hadi nyuma ya choo, nikamkuta amelala, nikamfukuza.

Siku ya maonyesho ilikuwa Jumamosi. Wazazi tulipangwa kwenye viti vya nyuma darasani, tunajipepea kwa karatasi za ratiba, na watoto wakaitwa mmoja mmoja. Mashine ya kwanza ilikwama hatua ya tatu. Ya pili ilianguka yote kwa mkupuo mmoja kabla ya kuanzishwa. Nilizidi kukata tamaa, na nasema kweli, nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumpoza njiani.

Alipoitwa mwanangu, nikaona ameibadilisha mashine yote bila kutuambia. Gololi sasa ilikuwa inapita kwenye kipande cha soli alichokikata na kukigundisha kwenye ubao. Jambo rahisi namna hiyo, na sisi tumegombana wiki tatu! Lakini kandambili nyingine, ya pili yake, aliitoa kwenye mfuko akaiweka sakafuni mbele ya meza. Soli juu.

"Mwalimu, naomba mama yangu aje asimame hapa karibu," akasema.

Nikadhani anataka kutiwa moyo. Nikajisikia vizuri kidogo, nikaenda nikasimama alipoonyesha.

"Haya, anza," mwalimu akamwambia.

"Nimeshaanza, mwalimu."

Mwalimu akatazama bomba. Gololi imetulia juu, imezuiwa na kijiti. "Anza basi."

"Tayari, mwalimu. Mimi siigusi."

Akarudi nyuma hatua mbili, akakunja mikono nyuma. Yule kijana wa bara aliitazama kandambili kama anavyotazama jiwe, haikumsumbua hata chembe. Niliona mwanangu amechanganyikiwa, amesahau kila kitu, na Fizikia inamtoka mbele ya watu wote. Nilitaka kumwambia mwalimu amwache apumzike kidogo. Nikaitazama ile kandambili pale chini. Nikajiambia, wewe mama, usiiguse, hiyo ndiyo mashine yake. Nakumbuka vizuri kujiambia hivyo.

Mguu wangu sikumbuki ulitoka saa ngapi.

Nilisikia tu kitu kimefyatuka. Chini ya mkanda alikuwa amefunga uzi wa mshipi wa kuvulia samaki, ule mwembamba usioonekana, na uzi ule ukakivuta kijiti. Gololi ikateremka, ikapita kwenye soli taratibu, dhumna zikalala moja baada ya nyingine, mwiko wangu ukainuka, kifuu kikashuka, na kengele ya baiskeli ikalia mara mbili.

Watu wakapiga makofi. Mwalimu hakupiga. Alikuja akainama, akaukagua uzi, akamuuliza, "Na asingeigeuza?"

"Angeigeuza, mwalimu."

"Umejuaje?"

Akampa daftari. Mwalimu akasoma, uso ukaanza kumcheza, akawasomea wazazi. Kulikuwa na jedwali, kijiti kimoja cha kalamu kwa kila kandambili ilipogeuzwa. Bibi, vijiti vyake. Baba, vijiti vyake, pamoja na siku alizokuwa safarini. Jirani, kijiti kimoja kila alipokuja. Halafu Mama. Vijiti vya Mama vilijaza mstari mzima vikaingia wa pili, na pembeni ameandika: Hupita bila kuigeuza mara 0. Hajui kwamba anafanya.

Wazazi walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Mwalimu akanigeukia. "Mwalimu mwenzangu, ni kweli haya?"

"Si kweli," nikasema, na kandambili bado iko chini ya kidole changu.

Akachukua orodha yake ya kidato cha tatu, akaandika jina la mwanangu mbele ya macho yetu.

Tulirudi kwa miguu. Nilingoja mpaka tumepita watu, nikafungua mdomo. Nilikuwa na hasira na sioni sababu ya kuficha. Nilimwambia amenivunjia heshima mbele ya mwalimu mwenzangu na wazazi wa watu.

"Wiki tatu nagombana na bibi yako. Namgombeza baba yako, mtu katoka safari. Namfukuza paka wa watu! Na wewe umekaa na daftari unajua ni mimi. Kwa nini hukuniambia?"

Alikuwa amebeba mfuko wenye dhumna, unalia kila hatua. Aliuhamishia bega la pili.

"Ningekuambia ungeacha."

"Sasa si ndicho ulichokuwa unakitaka, watu waache?"

"Mwanzoni. Halafu nikaona hamtaacha, nikatafuta mtu wa kuanzishia mashine." Akafikiri kidogo. "Bibi siku nyingine miguu inamuuma, anapita tu. Baba akiwa na usingizi haoni. Kwa Fizikia nilihitaji mtu ambaye hatakosa. Wewe hukukosa hata siku moja, mama."

Alisema bila kunitania, kama anavyosema mtu jibu la hesabu. Nami ndiye niliyekuwa nikimwambia, kila jioni ya wiki zile tatu, aiache Fizikia.