Turubai Lililopigwa Mnada

Turubai langu lilikuwa la kijani, la aina ile inayofunika mizigo ya malori, na lilikuwa na kiraka cha jinzi kwenye pembe moja. Kiraka hicho alikishona mke wangu kwa mkono, kwa uzi wa magunia, kutoka kwenye suruali yangu kuukuu. Natangulia kusema hivyo ili mtu asiniambie, kama nilivyoambiwa na watu wazima wenye macho yao, kwamba hawakujua ni la nani.

Turubai lilikuwa na kazi moja tu, kufunika mashine ya kukatakata nyasi za ng'ombe. Mashine yenyewe ni ya mke wangu. Aliinunua kwa pesa za maziwa, baada ya kukata nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, kwa panga maisha yake yote mpaka bega la kulia likakataa kuinuka. Hawezi hata kufunga kitambaa kichwani bila kuinama. Daktari alimwambia aachane na panga kabisa. Siku mashine ilipofungwa boliti kwenye saruji kando ya zizi, alilitupa panga nyuma ya choo akasema, "Hilo nalo likapumzike."

Nyumba yetu hapa Gitothua ni ya mabati, na mashine ile ingenguruma ndani hata vikombe vingeanguka. Kwa hiyo ikakaa nje, na kuitunza huko nje ikawa kazi yangu. Nilianza vibaya. Kwanza nilinunua karatasi ya nailoni ya buluu mjini Ruiru, jua likaila mpaka ikawa inavunjika mkononi kama mkate mkavu. Nikanunua nyingine, nikaifunga kamba kuzunguka mpaka chini, kama mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu, nikajisifu. Nilipoifungua, mota ilikuwa inatoka jasho. Unyevu wa ardhi ulikuwa umepanda ukakosa pa kutokea, na visu vimeanza kutu. Ndipo nilipoenda Thika kwa mtu anayeuza maturubai ya malori yaliyotumika, nikachagua lile. Nilipiga fremu ya mbao juu ya mashine, nikaipa mteremko upande mmoja ili maji yasituame, turubai lisiguse chuma, na huku chini nikaacha wazi upepo upite. Misimu ya mvua ilikuja na kuondoka, na mota ikabaki kavu kama unga.

Kisha, katikati ya kiangazi, jirani yetu akafariki.

Huku kwetu, kabla ya mazishi watu hukutana kila jioni nyumbani kwa marehemu, kuomba na kupanga mipango. Hema la kukodi haliji mpaka siku yenyewe ya kuzika. Hizo jioni nyingine watu hukaa chini ya chochote kinachopatikana kwa majirani, na hakuna anayekataa kutoa. Vijana wakaja kwangu, wakiniita guka, yaani babu, kama kawaida yao.

"Guka, tunaomba ile turubai yako."

"Ile ya mashine?"

"Ni ya kuzuia jua tu, guka. Mvua iko wapi?"

Nililifungua mwenyewe, nikalibeba begani mpaka kwa wafiwa. Nikawaambia walirudishe wakimaliza. "Utaipata hata kabla chai ipoe," mmoja akasema. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni niliporudi.

"Umeliandika jina?"

"Lina kiraka."

"Kiraka ni jina?"

Nikamwambia asinisumbue.

Tulizika. Hema la kukodi likaja na likaondoka. Turubai langu halikurudi. Lakini unaanzaje kwenda kwa mjane aliyezika juzi, kuulizia turubai? Nikangoja. Nilingoja kwa sababu ya adabu, na sasa nikikumbuka adabu hiyo natamani kutema mate. Mawingu yalipoanza kukusanyika upande wa Kilimambogo, nikaenda.

Nilimkuta mtoto mkubwa wa marehemu akiosha gari.

"Guka, vitu vyote vilienda na watu wa kanisa. Sufuria, viti, kila kitu. Kwani hukuchukua yako?"

"Ningekuja kuuliza kama nilichukua?"

"Sasa mimi ningejuaje, guka? Nilikuwa nazika baba yangu."

Nikaenda kanisani, nikamkuta mama anayeweka funguo za stoo akihesabu sahani. Akanifungulia. Turubai langu lilikuwa pale sakafuni, limekunjwa vizuri, kiraka juu.

"Lile pale," nikasema. "Nipe niende."

"Aai, baba, hiyo haitoki hivyo. Tulitangaza mwenyewe ajitokeze, kimya. Sasa kina mama wametoa iwe sadaka. Imeshaombewa."

"Mlitangaza lini?"

"Kanisani, baba. Wewe siku hizi huonekani."

"Na hicho kiraka? Hukijui? Si ulikuwa unakaa chini yake kule matangani?"

"Nilikuwa nalia, baba. Sikuwa naangalia viraka." Akafunga mlango. "Njoo Jumapili. Litauzwa pamoja na vile vingine. Toa kitu kidogo tu, uende nalo."

Kanisa letu, kama mengi ya huku, hupokea sadaka za vitu. Mtu huleta kuku, mwingine mayai, mwingine malenge au mkungu wa ndizi. Ibada ikiisha, vitu hivyo hupigwa mnada pale nje kwa kelele na vicheko. Anayenunua mara nyingi hapeleki nyumbani kwake. Hununua ndizi akampa mjane, au kuku akampa mgeni, na watu wakapiga makofi. Ni jambo zuri. Mimi mwenyewe nimewahi kununuliwa malenge nikafurahi kama mtoto.

Jumapili ile sikuenda kufurahi. Nilikaa ibada nzima nikipanga maneno. Mke wangu alijua. Tukitoka nje akanishika mkono akaninong'oneza, "Nunua tu. Ni mnada wa kanisa. Watakuachia kwa bei ya jogoo."

"Siwezi kununua kitu changu."

"Basi nitanunua mimi."

"Wewe nyamaza."

Hayo ndiyo niliyomwambia, mbele ya watu, mwanamke mwenye mashine, mwanamke mwenye bega. Akauachilia mkono wangu.

Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi ni mtu wa maneno. Alilitandaza turubai kwenye nyasi akapiga kelele: "Haya, angalieni mbingu! Mvua ikikupata hujafunika, usimlaumu Mungu! Nani anaanza?"

Nikapita mbele. Nikasema hilo ni langu, na anayelinunua ananunua kitu cha wizi.

Mtu mmoja akacheka, halafu wengi.

"Haiya, guka!" mzee wa kanisa akasema. "Sasa umeita kina mama wezi? Kama ni lako, anza wewe. Taja chochote. Taja yai moja!"

"Sitaji hata ganda la yai."

Kulikuwa na mgeni siku hiyo, mwanamume wa makamo kutoka Kalimoni, muuzaji wa nyasi kavu, aliyekuja na pikapu kumtembelea shemeji yake. Alitaja bei nzuri, hakuna aliyempandia bei, likawa lake. Kisha akafanya jambo ambalo kila mtu alitegemea alifanye. Alilikunja, akalibeba kwa mikono miwili, akaja mpaka pale niliposimama.

"Guka, shika. Nimekununulia wewe."

Makofi yalikuwa yameshaanza. Ningenyoosha mikono, basi. Ningesema asante, tungekunywa chai, jioni ningekuwa nafunga kamba kwenye fremu yangu.

Nikamwambia sihitaji kupewa zawadi ya kitu changu. Nikamwambia asinifanye ombaomba. Alibaki amenyoosha mikono, akamtazama shemeji yake, makofi yakafa. Mwishowe akalitupa turubai kwenye pikapu, likaenda Kalimoni. Mke wangu alitembea mbele yangu mpaka nyumbani bila kugeuka.

Mvua ilianza wiki hiyohiyo. Nilifunika mashine kwa magunia ya mbolea na kipande cha bati, nikakikandamiza kwa mawe. Upepo ulilibwaga bati kule kwenye nepia na magunia yakanywa maji kama sponji. Asubuhi tulikuta mota inachuruzika.

"Usiwashe," mke wangu akasema. "Acha jua litoke, ikauke. Leo nitawapa ng'ombe majani ya ndizi."

Alisema polepole, kama mtu anayeongea na mbwa asiyemjua. Na mimi nilisikia kitu kingine. Nilisikia, umeona sasa? Nilisikia kile kicheko cha kanisani. Nikasema maji kidogo hayaui mashine, nikaifuta kwa shati langu, nikabonyeza swichi.

Ilitoa mlio mmoja kama wa paka aliyekanyagwa. Kisha harufu. Anayejua harufu ya mota iliyoungua haisahau. Mke wangu aliutazama moshi mpaka ukaisha, akaenda nyuma ya choo. Alirudi na panga, akalinoa kwenye jiwe kwa mkono wa kushoto.

Sikumruhusu alitumie. Hilo nilifanya, ingawa sioni kama ni la kusifiwa. Nililichukua panga mkononi mwake na tangu siku hiyo nakata mimi. Mota iko Thika kwa fundi wa kusuka nyaya, na fundi yule kila nikimpigia simu anasema kesho. Nina hasira naye. Nina hasira na vijana wa chai isiyopoa, na mwenye gari safi, na mwenye funguo za stoo; tangu lini mtu akilia anapofuka? Nakata nepia nikiwataja mmoja mmoja. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyebonyeza swichi, na hakuna aliyemwambia mke wangu anyamaze. Nikifika hapo panga huteleza, na nina kovu kwenye kidole gumba la kuthibitisha.

Ni mke wangu aliyeuliza, jioni moja, huku akikamua bila kunitazama: "Mota ikirudi, utaifunika na nini?"

Kesho yake nikaenda Kalimoni.

Mwenye nyasi alinitambua nikiwa bado getini.

"Guka! Umekuja kunikataa tena mpaka kwangu?"

Nilimsalimia. Nilimweleza kuhusu mota, na bega, na panga. Hakutania tena. Akanipeleka nyuma ya ghala lake. Turubai alikuwa amelikata katikati, kwa kuwa lilikuwa kubwa kuliko alivyohitaji. Nusu ilikuwa imefunika marobota ya nyasi. Nusu nyingine, yenye kiraka, ilikuwa juu ya kibanda cha ndama. Damu ilinipanda kuona kisu kimepita katikati ya turubai langu. Nilishika nguzo ya kibanda nikangoja ishuke.

Alipanda juu ya pipa akaifungua ile nusu ya kiraka. Alipoikunja, hakunipa mara moja.

"Sasa niambie, guka. Nimekurudishia, ama nimekupa?"

Ndama alikuwa anatutazama. Nilijua jibu la haki lilikuwa lipi, na nilijua analotaka kusikia ni lipi.

"Umenipa," nikasema. "Asante."

Mke wangu aliipokea, akaigeuza mpaka akapata kiraka chake, akauvuta uzi kwa kidole. Ulikuwa bado imara. Akapima kwa macho mpaka kwenye fremu.

"Inatosha mota tu. Visu vitanyeshewa."

"Nitavipaka grisi."

"Kila jioni?"

"Kila jioni."

Fundi bado anasema kesho. Leo asubuhi nilikuwa kwenye gogo nakatakata nepia, jasho linanitoka, nawataja mmoja mmoja, nimefika kwa yule wa funguo za stoo, mke wangu akapita na ndoo akaokota kipande kimoja.

"Virefu. Ng'ombe wataacha nusu kwenye hori," akasema. "Kata fupi."

Nikaanza upya.