Fundi Ayubu Aenda Kupumzika

Fundi Ayubu wa Nyasubi, mjini Kahama, alichomelea mageti ya nusu ya mtaa, lakini la kwake halikuwahi kufungwa mchana. Karakana ilikuwa uani, nyumba ikawa nyuma yake, na mteja akipiga hodi Ayubu alikuwa akirudisha tonge sahanini na kutoka. Miaka ishirini na miwili mambo yalikwenda hivyo. Mkewe Swaumu alishazoea kufunika chakula. Binti yao Zakia hakuzoea.

"Baba," alimwambia jioni moja, wiki mbili kabla ya kuolewa na kuhamia Tanga, "mimi sijawahi kukuona ukimaliza sahani."

Hakusema kwa ubaya, alikuwa anakunja kanga zake. Lakini maneno yalimkaa Ayubu kooni kama mwiba wa sato. Aliona haya, na nyuma ya haya akaona woga: mtoto anaondoka, na kumbukumbu atakayobeba ni mgongo wa baba ukielekea getini.

Akanunua Hiace kuukuu iliyokuwa ikisambaza mikate. Akaichomelea vitanda, meza ya kukunja na kishubaka cha masufuria. Aliwahi kuona kwenye simu watu wanaolala garini kwa raha zao. Majirani waliuliza kama amefukuzwa na mkewe. Yeye alitaka tu kufika mahali pasipo na hodi, ale na binti yake sahani moja hadi chini.

Jumamosi wakaondoka kuelekea upande wa Geita. Njiani walinunua michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, karanga na maziwa ya mgando, wakaingiza gari porini chini ya majabali. Walilala vizuri. Asubuhi Zakia alipanda mawe na kupiga picha za ng'ombe wa watu. Ayubu alichimba choo nyuma ya kichaka, kina cha kiuno, maana fundi hafanyi kitu nusunusu. Swaumu akachuchumaa na karai kuopoa mchele, kwa kuwa mchele wa gulioni una changarawe: anazungusha, anamwaga maji, anachungulia, anazungusha tena.

Hapo ndipo alipopita Luka, muuza mkaa, na baiskeli yake. Akasimama. Akatazama shimo, akatazama karai.

"Mwangaluka," alisalimia kwa Kisukuma. "Mnafanya nini huku?"

"Tunapumzika," Ayubu alijibu.

Luka alicheka kwa adabu. Tangu Maganzo kwenye almasi hadi Geita kwenye dhahabu, alikuwa hajawahi kukutana na mtu anayelala kwenye mbigili, akachimba shimo la kiuno, mkewe akazungusha karai, halafu aseme anapumzika. Akajitenga pembeni na kutoa simu kuwaita wachimbaji.

Kabla maji ya wali hayajachemka, zilifika pikipiki kumi na moja. Saa sita palikuwa na watu mia mbili, mama lishe watatu, kinyozi mwenye sola na mhubiri mwenye spika. Sostenes, aliyekuwa mwenyekiti wa rashi saba, yale machimbo yanayokimbiliwa kwa uvumi, ambazo zote hazikutoa hata punje ya dhahabu, alijitangaza mwenyekiti wa hii ya nane. Akapima kwa hatua zake maduara, yaani mashimo ya kuchimbia. Choo cha Ayubu kikawa Duara Namba Moja.

"Ndugu zangu, hapa hakuna dhahabu," Ayubu alisema. "Mke wangu anaosha mchele."

Sostenes aliinamisha kichwa kwa heshima. "Mgunduzi lazima aseme hivyo. Ungesema ipo, tungeondoka."

"Na lile shimo ni choo."

"Tumeona ulivyolificha."

Karai la mchele likachukuliwa kama sampuli, likawekewa walinzi wawili wasubiri mtaalamu. Zakia alicheka mpaka akakaa chini. Swaumu akasema basi, tule michembe tuliyo nayo. Akaipakua pamoja na karanga. Ayubu hajauma hata kipande, hodi. Watu wawili wanagombania mpaka, na mgunduzi ndiye mwamuzi. Akainuka. Alipogeuka alimwona Zakia ameacha kucheka, anaifunika sahani ya baba, kama afanyavyo mama yake.

Ayubu akapandwa na hasira, zaidi juu ya miguu yake mwenyewe.

"Pandeni garini," alisema. "Na chakula."

Wakaondoka. Pikipiki thelathini zikawafuata, maana mgunduzi akiondoka ghafla ni kwamba ana mahali pazuri zaidi. Sostenes aliongoza msafara, karai mapajani. Ayubu hakusimama popote mpaka Nyasubi. Aliingiza gari uani, akaliburuta geti likafungika, akagonga komeo kwa nyundo, kwa kuwa lilikuwa halijatumika tangu alitengeneze.

Nje Sostenes alilitazama kwa muda mrefu. "Mtu hafungi geti namna hii kama ndani hakuna kitu," aliwaambia wenzake. Jembe la kwanza likapiga chini ya ukuta.

Ndani walitandika mkeka. Swaumu akafunua sahani. Hodi ikaja, ya kwanza, ya pili, ya kumi. Goti la Ayubu likanyanyuka lenyewe. Zakia alitazama pembeni. Ayubu akalishika goti kwa mikono miwili, akalirudisha mkekani.

Alikula polepole, kipande kwa kipande. Akanywa mgando. Akapitisha kidole kukusanya karanga za mwisho, huku ukuta ukitikisika. Kisha akaiinamia sahani aliyoilia miaka yote ile.

"Kumbe ina mchoro wa ua," alisema.

"Siku zote, Baba," alisema Zakia.