Viatu Shingoni

Juzi nilimwona binti uwanjani Riverside, viatu vya mpira vikining'inia shingoni, nikasikia tena harufu ya sombe, majani ya muhogo aliyopika Bibi.

Alasiri moja ya utoto wangu, tulikuwa bado wageni hapa Buffalo. Nilikuwa nimekataa kwenda mazoezini kwa sababu viatu vya kupewa vilinibana. Bibi akaacha sufuria, akaniletea picha ya baba yake, aliyevuka ziwa zamani kuchezea timu ya Kigoma. Pichani baba yake alisimama peku, viatu shingoni.

"Naye vilimbana?" nikauliza.

"Bon, mupira inajua mguu, haijue kiatu. Enda!"

Sasa najua viatu vile vya pichani vilikuwa vya mpiga picha, vya kuazima tu. Siku ile niliamini ndivyo wachezaji wanavyovaa. Kocha alipouliza viatu vyangu viko wapi, nilimwonyesha shingo kwa fahari, nikaukimbilia mpira, nyasi zikinitekenya nyayo.