Keti Kwanza Nyuma ya Gari

Nakumbuka asubuhi moja ya soko, mwanangu, wakati miguu yangu ilikuwa bado inanitii na meno yangu yote yalikuwa mahali pake. Ilikuwa Karatina. Baridi ilikuwa ya kuuma masikio, mlima umejitokeza wote kabla mawingu hayajaufunika, nami nimeshika usukani wa pikapu ya mume wangu, ndizi za kutoka kwetu Gakindu zimejaa nyuma.

Usinicheke. Siku hizo mwanamke kuendesha gari huku kwetu lilikuwa jambo la watu kuacha jembe shambani na kusimama watazame. Mume wangu alikuwa ameumia mgongo, alianguka kutoka juu ya paa la jikoni akibadilisha mabati, na daktari akamkataza kuendesha. Ndizi nazo zilikuwa zinaiva. Basi alinifundisha yeye mwenyewe, Jumapili jioni, kwenye uwanja wa kiwanda cha kahawa, yeye ameegemea mto na kuguna kila nikikosea gia. Nilikuwa hodari. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu walioniona wakati ule wamezeeka na hakuna wa kunibishia.

Kitu kimoja tu alichonifundisha nilikidharau. Mume wangu alikuwa na mazoea yake: kabla ya kurudisha gari nyuma, anateremka, anaizunguka yote, anainama kidogo, anapiga bodi ya nyuma makofi mawili, pa pa, kisha anapanda tena. Alifanya hivyo hata nyumbani, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila kuku wetu wawili watatu. Nilidhani uzee unamjia mapema.

Sasa pale Karatina, mahali pa kushushia mizigo palijaa wanaume. Nilijua nikiteremka kuangalia nyuma watasema nimeshindwa, nikamwite mwenye gari. Nilitaka niingie kwenye ile nafasi mara moja tu, bila kusita, waone. Kiburi cha ujana, mwanangu, nilikuwa nacho cha kutosha nyumba tatu.

Kila soko lina mtu ambaye hakuna aliyemwomba lakini lazima akuelekeze. Wa siku ile alikuwa mbeba mizigo mmoja mwenye sauti kubwa. Akaja pembeni akaanza kupiga bodi.

"Kuja mama, kuja, kuja! Bado iko nafasi! Kuja tu!"

Nami nikaja. Nilitazama kioo, sikuona kitu. Nilisikiliza "kuja", nikakanyaga mafuta. Kisha nikasikia kitu kikipondeka chini ya tairi, na wanawake wakapiga mayowe kwa pamoja.

Niliteremka, nikainama. Kikapu cha kiondo kilikuwa kimelala chini ya tairi, nduma, yale magimbi ya kwetu, zimepasuka. Nyuma ya kiondo, shibiri moja tu kutoka kwenye tairi, kulikuwa na gunia lililokunjwa, na juu ya gunia mtoto wa miezi michache amelala fofofo, mdomo wazi. Mpaka leo nikifumba macho naiona ile kofia yake ya manjano ya sufi.

Yule mbeba mizigo alianza kujitetea kabla hajaulizwa. "Lakini mimi nilikuwa naangalia mtaro! Si gari haijaingia kwa mtaro?" Na alikuwa akisema kweli. Mtaro ndio uliokuwa ukiwamezea magari yao, kwa hiyo yeye aliutazama mtaro. Hakuna aliyemwambia atazame chini.

Mwenye nduma alikuwa bibi mmoja mzee, nilikuja kujua baadaye anaitwa Wairimu. Alikuwa amegeuka kidogo tu kuomba kisu kwa jirani yake. Hakupiga kelele. Alimchukua mjukuu wake, akamfunga mgongoni kwa leso, akaikaza vizuri, kisha akanijia. Nilitamani anitukane. Badala yake alinishika mkono akanivuta mpaka kwenye kigoda chake, nyuma ya gari.

"Keti kwa kiti yangu," akasema. "Keti tu. Angalia mbele."

Nikaketi. Yeye akaenda mpaka kwenye mlango wa dereva, akasimama hapo.

"Unaniona?"

"Sikuoni, mama."

"Unaona nini?"

"Naona namba ya gari. Na matope."

"Si unaona? Mimi niko hapo na huyu mtoto tangu asubuhi. Siku yoyote utataka kurudi nyuma, kuja kwanza ukae kwa kiti yangu. Ukishakaa, ndio urudishe gari yako."

Hayo tu. Nilitaka kumpa ndizi zote zilizokuwa kwenye pikapu. Alichukua chana moja, akamgawia jirani aliyemwazima kisu, akaketi na kuanza kuchagua nduma ambazo hazikuharibika. Ilinichoma zaidi kuliko kama angenizaba kofi.

Jioni nilimsimulia mume wangu kila kitu. Aliuliza swali moja, "Uliteremka?" Nikasema sikuteremka. Aligeuza uso akatazama ukuta, wala hakula chakula changu usiku huo. Kesho yake asubuhi nilipowasha gari niliteremka, nikaizunguka, nikapiga bodi makofi mawili. Kutoka chumbani nilimsikia akikohoa kile kikohozi chake cha kuridhika. Ni miaka mingi sasa tangu tumzike kule chini kwenye migomba, na ningetoa chochote nikisikie kikohozi kile tena.

Sasa ngoja nikuambie kwa nini nimeyakumbuka haya.

Msimu wa mvua uliopita mjukuu wangu Mwangi alinunua gari. Anafanya kazi Nyeri mjini, na ana jina la babu yake, yule mume wangu, kwa hiyo mimi humwita bwana yangu, naye hucheka. Kama ilivyo desturi yetu, kabla gari halijazoea barabara aliliteremsha hapa nyumbani liombewe. Alikuja na binti yake Nyambura, mtoto wa miaka mitatu ambaye mdomo wake haufungwi ila akilala. Waumini wenzangu kutoka kanisani nao walikuwa wameahidi kufika, na mimi nilikuwa nimejiandaa kulibariki hilo gari kwa maneno mengi.

"Cucu, kuja uone," Mwangi akaniita, ndivyo kwetu mjukuu anavyomwita bibi yake, akanikalisha kiti cha mbele. Alipoweka rivasi, kioo kidogo kama cha televisheni kikawaka, kikaonyesha nyuma ya gari. Kulikuwa na mistari ya kijani, ya manjano na myekundu. Mwanamke fulani ndani ya gari akasema maneno mororo.

"Anasema nini?"

"Sijui, Cucu, ni Kijapani. Lakini ako sawa."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Akanionyesha pia vidude vinne kwenye bampa, vya ukubwa wa vifungo vya koti. "Hizi ni sensa. Zikiona kitu nyuma zinalia, tii tii tii. Siku hizi hakuna haja ya kugeuza shingo." Nilistaajabu, sikuficha. Nilimwambia kama ningekuwa na kitu kama hicho Karatina ningelala vizuri miaka mingi. Hakujua ninasema nini, maana hadithi ya Wairimu sikuwa nimewahi kumsimulia mtu ila babu yake. Nilikuwa naona haya.

Lakini mimi ni mzee, jicho langu halipumziki. Picha ile ilikuwa na ukungu upande mmoja, nikamwuliza. "Ni matope tu ya barabara, nitapanguza." Na mbona hizo sensa hazilii, na ukuta wa jikoni uko pale? "Nimezima sauti, Cucu. Zilikuwa zinalia bure juu ya hizo nyasi za napia za ng'ombe. Zinasumbua." Nilipaswa kusema neno pale pale, mwanangu, na sikusema, kwa sababu nilimwona amefurahi.

Tulikunywa chai. Manyunyu yakaanza, kisha mvua yenyewe. Mwangi akainuka akasogeze gari ili mvua ikikatika viti vya wageni vipate nafasi uani. Alifunga vioo kwa sababu ya mvua. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni, mkononi nina kifuniko cha sufuria kubwa, na nilijua Nyambura yuko nyuma yangu karibu na moto, na kikombe chake, miguuni gambuti zake za mvua. Kuku alipita na vifaranga wake wakikimbilia kibandani. Taa nyeupe za nyuma za gari zikawaka.

Ndipo nilipoziona zile gambuti ndogo nyekundu.

Nyambura alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari, amejikunja karibu na tairi, akimtoa kifaranga kwenye dimbwi. Gari likaanza kurudi. Nilipiga kelele, mvua kwenye mabati ikaimeza sauti yangu. Nilitaka kukimbia, magoti yakakataa. Basi nikarusha kifuniko. Nilikirusha kwa nguvu zote ambazo Mungu ameniachia, kikaenda kikagonga mlango wa gari, ngwaa!

Gari likasimama. Mwangi akatoka akiwa amekasirika kweli. "Cucu! Umegonga gari yangu! Gari mpya, Cucu!"

Nilinyoosha kidole tu. Akazunguka nyuma. Sikumwona uso, niliuona mgongo wake ukishuka polepole mpaka akapiga magoti kwenye matope na suruali yake ya kazini. Nikasikia sauti ya Nyambura, haina habari yoyote: "Baba, angalia. Kuku mdogo imeloa."

Nililia, sitakuficha. Nililia nimeshika mwimo wa mlango.

Baadaye alirudi ndani ya gari akatazama ile picha. Mahali alipokuwa amechuchumaa mtoto palikuwa na doa la kijivu. Alipopanguza jicho la kamera kwa kidole, dimbwi likaonekana, na tairi, na nyayo ndogo za gambuti. Aliniambia kwamba hata kama angeziacha sensa zilie, kitu kifupi kilichojikunja chini ya bampa, zaweza kukikosa. Na ile mistari ya rangi, akasema, inaonyesha gari litakakopita, haijui nani anakuja kutoka pembeni. Nikamkumbuka mbeba mizigo wa Karatina. Yeye naye alitazama mtaro.

Waumini walifika na vitabu vyao vya nyimbo, wakatukuta bado tukizitazama zile nyayo. Nikawaambia gari sitalibariki bado. Nikaleta kigoda changu cha kukamulia ng'ombe, nikakiweka nyuma ya gari.

"Keti hapo, bwana yangu."

Mwanaume mzima, mrefu kama babu yake, akaketi magoti yakikaribia masikio. Hakuna aliyecheka. Nilitembea polepole mpaka mlango wa dereva, pale palipobonyezwa na kifuniko.

"Unaniona?"

"Sikuoni, Cucu."

"Hapo ndipo Nyambura alikuwa."

Kisha nikamsimulia habari za Wairimu, mbele ya watu wote, haya yangu yote nikaitoa nje. Nilipomaliza nilimtemea mate kidogo kifuani, kama wazee wetu walivyotubariki sisi, nikashika macho yake, nikainama kwa shida nikashika na miguu yake. Gari sikuligusa. Wenzangu waliliombea wao, wakaimba ubeti mmoja.

Jua lilikuwa bado halijatua alipoondoka. Mimi nilikuwa jikoni nikipakua mabaki, nikasikia nje, pa pa. Mwiko ukanitoka mkononi. Kwa kitambo kidogo, mwanangu, nilisahau mwaka tulio nao, nikangoja kikohozi. Nilipochungulia nilimwona Mwangi amesimama nyuma ya gari, mkono bado uko juu ya bodi, Nyambura amefungwa mkanda kwenye kiti chake, ananipungia. Lile bonyeo la mlangoni amekataa kumpelekea fundi. Anasema akiliona kila asubuhi ndipo anakumbuka kuzunguka.

Basi sikiliza, wewe unayenisoma na una funguo za gari mfukoni. Sikwambii uing'oe kamera. Itumie, ipanguze kila siku kama unavyopanguza miwani, wala usizizime sensa kwa sababu zinakuchosha. Lakini hizo ni macho ya kuazima, na kila moja lina upande lisioutazama. Kabla ya kurudi nyuma, uliza watoto wako wapi, na usiridhike mpaka umewaona. Fungua kioo usikie. Teremka uzunguke, hata kama mvua inanyesha, hata kama watu wanakutazama na kusema hujui kuendesha. Inama, uone mahali pa yule anayeketi chini. Rudi polepole, na ukikosa kumwona mtu uliyekuwa unamwona, simama. Aibu ya kuteremka huisha kabla hujafunga mlango. Ile nyingine, ya kumkanyaga mtoto, ningekaa nayo mpaka kaburini, na yule mtoto wa kofia ya manjano asingekua.

Mungu aliyekizuia kile kifuniko kisiniponyoke mkononi akulindie walio wako. Akupe safari ndefu, na kila utakaporudi nyumbani ukute uani wote wako wazima, kuku na watoto. Na ukipita Gakindu unitembelee, uninywee chai. Ukiwa unaondoka, piga bodi makofi mawili. Nitakuwa jikoni, nitasikia.