Mashavu ya Bi Harusi

Siku ya tatu ya kumweka binti yangu ndani, kama tunavyofanya kwetu harusi inapokaribia, vidole vyangu vilikuta donge kwenye shavu lake la kushoto. Harusi ilikuwa imebaki wiki mbili. Nilikuwa nampaka singo mwenyewe, liwa na karafuu na mawaridi, namsugua kama mama alivyonisugua mimi. Singo la bi harusi simwachii mtu.

"Jipu tu hili," nikasema. Nikachemsha maji, nikalikanda kwa kitambaa siku nne mfululizo. Machozi yalimtoka, nami nikamwambia aache kudeka. Siku ya nne shavu likavimba hadi jicho likawa dogo, ndipo akasema.

"Mama, usinigombeze. Nilichomwa sindano za kujaza mashavu. Mwaka juzi, kule Tegeta."

Nilimgombeza mpaka pumzi zikaniishia, kisha nikakaa kwenye mkeka nikalia. Muda wote ule nilikuwa najisifu kwa majirani wa Mwananyamala kuwa mashavu yale yamenona kwa mapishi yangu.

Daktari wa ngozi alieleza kuwa ile dawa imeganda chini ya ngozi. Donge lingeweza kutokea lenyewe hata baada ya miaka, lakini kulikanda kumelichokoza. Aliyasema kwa upole, na upole wake uliniumiza zaidi. Akampiga ganzi, akapenyeza waya mwembamba kama uzi ndani ya shavu, mwanga wa leza ukapita humo kuyeyusha donge, kisha akalikamua taratibu. Mwanangu alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa kitanda. Mimi nimesimama pembeni na miwani mieusi waliyonivisha, mikono nimeificha ndani ya baibui. Sikuwa na la kufanya.

"Uso usiguswe na mtu," daktari akasema, akinitazama mimi. "Na huenda tukarudia."

Ndoa ilifungwa siku ileile iliyopangwa. Kabla hajatoka kwenda kwa mumewe, alifunua mtandio. Shavu lilikuwa limeshuka, ila si sawa na mwenzake.

"Mama, niambie ukweli. Uso wangu umerudi?"

Nikautazama. Niliutafuta ule niliouzaa, nikaukumbuka na ule niliojisifia, na sikujua ananiuliza upi. Mkono ukanyanyuka wenyewe kumshika shavu. Nikaurudisha.

"Umerudi, mwanangu," nikasema.