Sherehe ya Jina Katika Ua wa Hospitali

Dada yangu alipolazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili, nilikwenda kuwa mrwaza wake. Huku kwetu, mjini Kigali, ndivyo tunavyomwita ndugu anayekaa na mgonjwa hospitalini: unampikia, unamfulia, unahakikisha amemeza dawa. Wengi huniuliza kama kule watu walikuwa wamefungwa. Lango lilikuwapo, ndiyo, na siku za mwanzo dada hakuruhusiwa kulipita. Lakini ndani kulikuwa na vitanda, bustani ya kabichi, na jiko la nje ambapo sisi warwaza tuligombania mafiga kama majirani wowote.

Alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Siku chache baadaye usingizi ulimkimbia, akaanza kusikia watu wakimwambia mtoto si wake. Muuguzi alinieleza polepole, nami nakueleza vilevile: ugonjwa huu unaweza kumpata hata mama aliyempenda mwanawe tangu tumboni. Si laana wala ukaidi. Dawa humrudishia usingizi kwanza, mengine hufuata taratibu, tena si kwa mstari ulionyooka. Leo alichana nywele, kesho aligeukia ukuta.

Mtoto alibaki kwa mama mkwe wa dada, mtaa wa Gatsata. Kila dada alipoamka vizuri aliuliza jambo moja tu: "Wameshampa jina?"

Kwetu jina hutolewa kwa sherehe. Watoto wa jirani hulima kidogo, hulishwa, kisha kila mmoja hupendekeza jina, na mwisho wazazi hutaja lao. Siku ya sherehe ya mtoto huyu ilikuwa imepita, na bado hakuwa na jina.

Alasiri moja mama mkwe alikuja, mtoto mgongoni.

"Jumapili tunafanya sherehe," aliniambia mimi, kana kwamba dada hayupo. "Baba yake atataja jina. Majirani nimewaambia mama ana malaria."

"Malaria gani hii isiyoisha, mama?" aliuliza muuguzi, ambaye alikuwa akigawa dawa.

Dada aliketi kitandani. "Mama, na mimi niko." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Msimpe jina bila mimi. Mkifanya hivyo, wale wanaosema si wangu watakuwa wamesema kweli."

Mama mkwe akampapasa mtoto aliyembeba mgongoni.

"Sherehe ifanyike hapa basi," muuguzi alisema.

"Hapa? Na watoto wa kulima utawatoa wapi?"

"Si sisi tupo hapa!" alidakia bibi wa kitanda cha pili. "Kulima tunajua, na kula tunawashinda watoto."

Jumapili wagonjwa walilima pembeni ya kabichi kwa vijiti, kwa kuwa majembe hayakuruhusiwa. Mama mkwe alikuja na mtoto na shemeji, mume wa dada, akaleta sufuria la maharage na ndizi. Wakala kwenye sinia moja, kisha wakaanza kutaja majina. Mmoja alipendekeza Mvua. Mwingine alisema aitwe Mheshimiwa, ili askari wa barabarani wasimsumbue. Bibi wa kitanda cha pili alitafuna, akafikiri, akasema: "Chumvi Kidogo."

"Maharage yangu yana nini?" mama mkwe alifoka, na dada akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ajifungue.

Ikabaki zamu ya wazazi. Shemeji alikohoa, akamtazama mkewe. "Taja wewe."

Mikono ya dada ilitetemeka kwa sababu ya dawa, kwa hiyo nilikaa karibu na kukishika kiwiko chake. Alimpokea mtoto, akamtazama usoni muda mrefu, hata nikaogopa. Kisha akalitaja jina, taratibu na kwa sauti ya kusikika. Wote wakalirudia, mama mkwe pia.

Hakupona siku ile. Tulikaa hospitalini wiki nyingine kadhaa, na baadhi zilikuwa ngumu. Lakini jioni ile, shemeji alipoinuka ili waondoke, mama mkwe alimvuta koti.

"Kaa kwanza," alisema. "Mtoto amelala kwa mama yake."