Ua wa Jirani na Neno la Mahakamani

Juzi mwanangu, akifanya kazi ya shule, aliniuliza maana ya "malice". Mimi, rafiki yangu, neno hilo sikulitoa kwenye kamusi. Nilikutana nalo mahakamani Garissa, miaka ya tisini, nikiwa msichana wa shule ya msingi, nimeketi nyuma ya bibi yangu.

Tulikaa Galbet, hapo hapo Garissa. Asubuhi nilimsaidia bibi kukamua mbuzi, moshi wa kuni ukiniwasha macho, chai ya maziwa na iliki ikichemka. Kisha aliwashusha mbuzi mtoni Tana kwa njia ya mifugo ya tangu zamani. Kwetu lima utakapo, lakini njia ya maji haizibwi. Hata mliyegombana naye, mnyama wake atakunywa.

Mwaka ule wa ukame jirani akaiziba kwa ua wa miiba, apanue shamba lake la ndizi. Bibi alimsihi weee, mwenzake kajitia kiziwi. Mbuzi mmoja alipoanguka kwa kiu, bibi alishika panga akafungua upenyo, akawanywesha, akawachunga wasiguse hata jani la mgomba. Jirani akaenda polisi.

Shtaka lilisomwa kwa Kiingereza: ameharibu mali kwa "malice". Mkalimani, mvivu wa watu, akamuuliza tu kama ni kweli alikata ua.

"Ndio, mimi nakata," bibi alimjibu hakimu kwa Kiswahili chake. "Mbuzi nataka kunywa. Wallahi, ndizi yake mimi hagusi."

Hakimu akaandika kwamba amekiri kosa, akamwonya, akamwachilia.

Lile neno lilinikaa kichwani, nikamuuliza mwalimu wa Kiingereza. Akasema ni inda: kumdhuru mwenzako kwa kutaka tu aumie. Nilipomweleza bibi kwa Kisomali, aliketi chini pale pale.

"Na mimi nimesema ndio?"

"Ayeyo," nilimwita bibi kwa lugha yetu, "hawakukuuliza hilo."

"Lakini nimesema ndio, mbele ya serikali."

Hasira niliyoipata siku ile ninayo mpaka leo. Njia ile sasa imejaa nyumba za mawe, na sijui mbuzi wa Galbet wanapitia wapi. Bibi naye hakupona neno lile. Alipougua mara ya mwisho alimwita jirani kando ya kitanda chake, akamwomba msamaha kwa chuki ambayo hakuwahi kuwa nayo. Jirani akamsamehe.